Siku Manifoldi Zilipokuja Kuposa

Jana mchana, muda mfupi baada ya kumaliza ugali na maharage, fundi Mahimbo alijinyoosha kwenye benchi la gereji yake pale Soni, akapitiwa na usingizi, akaota kwamba mama mkwe wake ameketi ndani ya injini.

Hakushtuka. Kwenye ndoto mtu hushtushwa na mambo madogo madogo, kama vile kukuta kitasa kimehamia upande wa pili wa mlango. Mama mkwe ndani ya injini alimwona ni jambo la kawaida kabisa. Kilichomsumbua ni kwamba hakuwa amempangusia mahali pa kukaa.

Ili mtu amwelewe Mahimbo, inafaa ajue alilala na nini kichwani. Mama mkwe wake, Bi Sakina, ana lori dogo la dizeli linaloshusha kabichi kutoka Lukozi hadi Mombo. Juma lililopita, likirudi mlimani, manifoldi yake ya hewa ilipasuka. Manifoldi ni lile dude lenye shingo moja na mirija minne: hewa inasukumwa na tabo, ile feni ya chuma yenye umbo la konokono, inaingia shingoni, na dude linaigawa kwa silinda zote nne. Ilipopasuka, lori lilitoa moshi mweusi na kupanda kwa mwendo wa mtu anayemsindikiza mgeni.

Na Jumapili hii lori hilohilo ndilo la kubeba vyombo, ngoma na mashangazi hadi Lukozi, maana Bi Sakina anamwoza kitinda mimba wake. Mahimbo, ambaye alishamwoa binti mkubwa, Mwajabu, alisimama mbele ya ukoo mzima akiwa ameshiba vizuri, akasema, "Lori niachieni mimi."

Manifoldi ya asili haikupatikana. Zilipatikana mbili za kubahatisha. Moja ilikuwa ya alumini, inang'aa kama sinia jipya, imetolewa kwenye gari la petroli. Matundu yake hayakulingana na ya injini ya lori, lakini hilo lingetatuliwa kwa bamba la kuunganishia. Ya pili ilikuwa ya chuma cha kusubu, yaani cha kumiminwa kwenye kalibu, nyeusi, nzito, yenye sura ya kitu kilichofukuliwa. Hiyo matundu yake yalilingana, ila shingo yake ilitazama nyuma, kwenye ukuta wa kibanda cha dereva, mahali ambapo hewa ya tabo haifiki.

Mahimbo alipenda ile ya kung'aa. Bi Sakina alipompigia simu kuuliza kama itapanda mlima, alimjibu, "Mama, itaruka." Kisha akakata simu, akaitazama alumini, akapitisha kidole kwenye mishono yake. Akaamua si kitu. Akalala.

Basi akaota kwamba anafungua boneti na Bi Sakina yumo. Amekalia silinda hedi, lile pande la chuma la juu ya injini, kanyoosha miguu kama yuko mkekani. Amevaa kanga mpya za harusi. Anakunywa kahawa kwa kifuniko cha oili.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Ingia. Usisimame mlangoni kama mtu wa bima."

Mahimbo akaingia. Ndani ya injini palikuwa na nafasi ya kutosha, hata dirisha lenye pazia.

"Wachumba wamefika," Bi Sakina akasema.

"Wachumba wa nani, mama?"

"Wa huyu niliyemkalia."

Mahimbo akainama kutazama. Silinda hedi alikuwa amejifunika gasketi, ile karatasi ngumu ya kuziba maungio, usoni kama shela, na nyuma ya gasketi ile milango yake minne ya hewa ilikuwa inapumua kwa haya.

"Shikamoo fundi," akasema Silinda Hedi kwa sauti nyembamba.

"Marahaba. Hujambo?"

"Sijambo, ila nina masizi kidogo kooni."

Upande wa pili wa chumba wachumba wameketi kwenye makreti ya soda. Alumini amepakwa mafuta, amekunja nne. Chuma yuko kreti la mwisho na amewapa watu kisogo. Katikati yao amesimama mshenga wao, konokono mkubwa wa rangi ya kutu, amevaa koti. Mahimbo akamtambua mara moja. Alikuwa tabo ya lori, na umbo lake lilikuwa lilelile la siku zote, ila leo alikuwa na macho.

"Karibu mzee," Mahimbo akamwambia. "Hawa vijana umewatoa wapi?"

Konokono akatazama dari.

"Mzee, nimeuliza tu kwa wema."

Konokono akaendelea kutazama dari.

"Umekula?" Bi Sakina akamuuliza.

"Kwenye skrepa," akajibu Konokono.

"Umekula kwenye skrepa?"

"Bado sijala."

Silinda Hedi akacheka chini ya shela. "Mzoeeni," akasema. "Huwa anachelewa kidogo kushika kasi. Akishashika hamtamnyamazisha."

Bi Sakina akamgeukia Mahimbo. "Wewe ndiye mwanamume wa nyumba hii. Nasikia ulishachagua."

"Nilichagua kidogo, mama."

"Mtu anachaguaje kidogo?"

Mahimbo akamnyooshea kidole Alumini, na Alumini akainuka, akainamisha shingo kwa adabu, na mwanga wa dirishani ukamchezea mwilini hata Silinda Hedi akavuta gasketi kidogo ili aone vizuri.

"Mrembo," Bi Sakina akasema. "Kapimwa?"

Aliposema hivyo hawakuwa tena ndani ya injini. Wako zahanati. Kuna kuta za kijani mpaka kiunoni, kuna benchi refu, kuna harufu ya dawa. Hakuna aliyetembea kufika hapo na hakuna aliyelalamika. Nesi aliyekuwa zamu ni geji ya upepo iliyovaa kofia nyeupe, na mshale wake ulikuwa unacheza usoni kama mtu asiyeamini anachoambiwa.

"Tunapima presha," akasema Nesi Geji. "Nani wa kwanza?"

Alumini akaketi.

"Una presha?"

"Sina," Alumini akajibu kwa fahari. "Sijawahi kuwa na presha maishani mwangu. Nimetoka kwenye gari la petroli la daktari wa meno. Sisi tulikuwa tunavuta hewa polepole, kwa heshima."

Mshale wa nesi ukatulia. "Hapo ndipo penye tatizo. Huku hewa haivutwi. Inasukumwa. Usiyezoea presha, utaishi vipi na huyu mzee?" Akamwonyesha Konokono.

"Nimefurahi kukutana nanyi," akasema Konokono, ambaye alikuwa ndiyo kwanza anajibu ile karibu ya mwanzoni.

"Hebu nijaribuni," Alumini akasema.

Nesi akamfunga bomba shingoni. Konokono akavuta pumzi na kuanza kumjaza. Mwanzoni Alumini alitabasamu. Kisha mashavu yakamtuna. Kisha ile mishono yake, ambayo Mahimbo alikuwa ameiona tangu asubuhi na kuisemea moyoni kwamba si kitu, ikaanza kulia.

"Vipi?" Nesi akauliza.

"Niko ssssssawa," akasema Alumini, na lile neno likatokea kwa upande, kwenye mshono.

"Unavuja."

"Hii ni sssauti yangu tu."

Mahimbo akatazama sakafu. Alimhurumia. Hata yeye alikuwa ameshawahi kusema yuko sawa kwa sauti ya namna hiyo, siku alipokwenda kuposa kwa Bi Sakina.

Hapo kooni mwa Alumini kukatoka kikohozi, na baada ya kikohozi akatoka kipepeo wa bati, amekunja mbawa, amebeba kibegi. Ni kile kibati ambacho kwenye gari la petroli hukaa shingoni, kikifunga na kufungua njia ya hewa kila dereva anapokanyaga au kuachia mguu.

"Samahanini," Kipepeo akasema. "Nani ananiambia nifunge saa ngapi?"

"Hakuna wa kukwambia," Nesi akajibu. "Dizeli haifungiwi hewa. Inaachiwa yote. Kinachopimwa ni mafuta."

"Yote?"

"Yote."

Kipepeo akafikiri. "Basi mimi hapa ni kizuizi tu."

"Ndiyo."

"Ningeshukuru kama mtu angeniambia kabla sijafungasha." Akawapa watu wote mkono, mmoja baada ya mwingine, akaanza na wakubwa, akauliza kama kuna injini ya petroli jirani, akaelekezwa kwa mwenye pikipiki, akaenda zake. Alumini akabaki ameshika koo.

Ikaja zamu ya Chuma. Aliketi kwenye kiti cha nesi kwa mgongo.

"Geuka," Nesi akasema.

"Ndiyo nimegeuka," Chuma akauambia ukuta. Sauti yake ilikuwa nzito, ya mtu aliyelala karibu na moto. "Ndivyo nilivyosubiwa. Kwenye lori letu tabo ilikuwa nyuma."

"Una presha?"

"Tangu kiwandani."

"Unatumia dawa gani?"

"Gasketi nzuri, na boliti zikazwe sawasawa, kuanzia katikati."

Mshale wa nesi ukapanda, ukapanda, ukasimama. Akamgonga kwa kucha mgongoni, akasikiliza. "Huyu hafi leo," akaandika hewani.

"Lakini sura," Mahimbo akasema. Yalimtoka tu. "Nesi, mtazame sura. Tutamfikishaje mbele za watu Jumapili?"

Wote wakamtazama: nesi, mama mkwe, Silinda Hedi chini ya shela. Hata Alumini, aliyekuwa akijifuta mshono, alimtazama kwa namna ya kumshangaa.

"Kumbe unaoa wewe?" Bi Sakina akamuuliza.

Kabla hajajibu, wameshafika harusini. Wako Lukozi, kwenye uwanja wenye turubai, baridi ya mlimani inapita chini ya mikeka na kabichi zimekaa kwenye viti vya mbele zikiwa zimevaa mitandio. Wageni rasmi ni wanne, wameketi mstari mmoja. Wa kwanza ni Bi Sakina. Wa pili na wa tatu ni mashangazi wasiosema. Wa nne, kule mwisho kabisa, ni Mwajabu, mke wa Mahimbo, amevaa gauni lake la zambarau.

Kila mmoja amewekewa bakuli la dizeli mbele yake, ya moto, imekatiwa vitunguu.

"Tunasubiri hewa," Mwajabu akamwambia mumewe. "Mchuzi bila hewa hauliki."

"Mchumba atawapakulia wakwe," Silinda Hedi akatangaza. "Kila mgeni apate sawa na mwenzake. Sina sharti jingine."

Alumini akainua sufuria la hewa. Mahimbo alimwombea kimoyomoyo. Alumini akaanzia kwa Bi Sakina, akampakulia hewa mpaka ikamwagika kwenye kanga. Shangazi wa kwanza akapata sahani nzuri. Shangazi wa pili akapata kijiko. Alipofika kwa Mwajabu, mkono wake ulikuwa mwembamba sana mwishoni kule, na alichokipakua ni harufu.

Mwajabu akaitazama sahani. Ni mwanamke aliyelelewa vizuri. Akainua bakuli lake la dizeli, akanywa hivyo hivyo.

Kisha moshi mweusi ukaanza kumtoka masikioni.

"Samahanini," Mwajabu akasema, akijipepea kwa ncha ya mtandio. "Samahanini sana."

"Mwanangu anafuka," Bi Sakina akasema.

"Ni moshi kidogo tu, mama," Mahimbo akasema. "Akichangamka utaisha."

Kabichi zote zikageuza vichwa. Mwajabu akamtazama mumewe kupitia moshi, macho yamemlowa.

"Baba watoto," akasema taratibu, "hivi ndivyo unavyowaambia wateja?"

"Baadhi yao."

"Na mimi umeniweka kwenye baadhi?"

Masizi yalikuwa yanaanguka kwenye lile gauni la zambarau, alilolishona Mwajabu mwenyewe kwa ajili ya Jumapili. Akaenda akapiga magoti mbele yake, akajaribu kumpangusa, na mikono yake ikazidi kumchafua kwa grisi.

Akainuka. "Alumini, mdogo wangu," akasema, "wewe ni mzuri, na kosa si lako. Utampata wa petroli, asiye na makuu. Lakini huku utaniulia watu."

"Nilikuwa nakuambia tangu asubuhi," Alumini akajibu, "kwa ile mishono." Hakuonyesha uchungu. Aliketi kati ya kabichi na kuomba mchuzi wa kawaida.

"Chuma apakue," Mahimbo akasema.

Chuma akasogezwa. Konokono akaleta sufuria jipya la hewa, akalimimina kwa mbele, pale ambapo shingo ya mchumba yeyote mwenye akili ingekuwepo. Chuma akafungua kinywa kikubwa kuelekea ukutani. Hewa yote ikamwagika kisogoni, ikatiririka chini ya mikeka, ikazima jiko la pilau.

"Mwanangu bado anafuka," Bi Sakina akakumbusha.

Kisha akamgeukia mshenga. "Mzee, wewe umezunguka na malori mengi. Niambie ukweli. Jumapili, na vyombo, na ngoma, na hawa mashangazi unaowaona walivyo. Itapanda?"

Konokono akatazama turubai.

Bi Sakina akangoja. Mashangazi wakangoja. Kisha wakaanza kupimana mapaja kwa macho, kila mmoja akimlaumu mwenzake.

"Nitamgeuza shingo," Mahimbo akasema.

Chuma akasikika akimeza mate. "Kwa kunikata?"

"Nitaikata, niizungushe itazame mbele, niiunganishe upya."

"Itauma?"

Mahimbo akataka kusema haitauma hata kidogo. Neno lilikuwa ulimini. Akamtazama Mwajabu, akalimeza. "Ukichomelewa ukiwa baridi, utapasuka," akasema. "Nitakupasha moto kwanza, polepole. Na baadaye nitakufunika majivu upoe polepole vilevile. Itachukua muda, na itauma kiasi."

"Angalau umesema," Chuma akajibu.

Wakamfunika blanketi, wakampa chai ya tangawizi, kikombe baada ya kikombe, mpaka akaanza kuwa mwekundu mashavuni. Mahimbo akaikata shingo. Hakukuwa na damu, isipokuwa masizi ya zamani na tangazo moja la redio lililokuwa limekwama humo tangu lori lao lilipokuwa zima. Akaizungusha shingo, akaiunganisha, akamfunika majivu.

Chuma alipotoka kwenye majivu alikuwa anatazama watu. Ilionekana kwamba alikuwa na macho ya upole sana, ambayo hakuna aliyewahi kuyaona.

"Kumbe uko hivyo," akasema Silinda Hedi.

"Kumbe nawe uko hivyo," akasema Chuma.

"Bado," Bi Sakina akasema. "Siozi nyumba nisiyoiona kwa ndani. Mkwe, ingia ukakague. Na mimi nakuja nyuma yako."

"Tutaingiaje, mama? Sisi ni watu."

"Acha kuwa mtu," mama mkwe akamwambia, kwa sauti aliyomzoeza nayo tangu siku ya posa.

Mahimbo akaacha. Haikuwa kazi ngumu. Sasa yeye ni hewa, na yuko kwenye foleni pamoja na hewa nyingine nyingi, zote zina haraka, zote zimetoka kwa Konokono zikiwa na jasho. Foleni inapita kwenye maporomoko ya maji ya Soni. Pale maporomokoni amesimama Intakula, yule mwenye kazi ya kupoza hewa, mwanamke mwembamba mwenye mapezi mengi na kata mkononi.

"Vua joto," Intakula akasema.

"Lazima?"

"Hewa ya moto imevimba. Mmoja anakaa nafasi ya wawili. Hapa watu wanalipia nauli kwa kubanana. Oga."

Mahimbo akaoga. Maji yalikuwa ya baridi ile ya mlimani, inayomfanya mtu akumbuke madhambi yake kwa mfuatano. Akatoka akiwa mdogo, mzito na mwenye heshima. Bi Sakina alioga bila kuvua kanga na hakutetemeka hata chembe.

Wakaingia kwenye shingo ya Chuma, wakapita pale palipochomelewa. "Pamekaa vizuri," Bi Sakina akasema, akipapasa mshono. Ndani ukuta ulikuwa wa kukwaruza, na Mahimbo akaahidi kuusugua. Mbele njia iligawanyika mara nne, pana zote, na hewa zikagawana bila kusukumana, kila moja ikimwambia mwenzake atangulie. Mahimbo akachagua njia ya mwisho, ya mlango wa nne, iliyo mbali kuliko zote. Alitaka kuona ni hewa kiasi gani inayofika kule.

Ilifika nyingi. Upepo ulimsukuma mgongoni sawasawa, na akajisikia kama mtu anayetembea kwenye barabara ambayo mwenye kuichimba alimfikiria.

Mlangoni akainua mguu, akavuka. Nyuma yake akasikia kishindo, na baada ya kishindo sauti ya mtu mzima anayejizuia kutoa neno baya mbele ya mkwe.

"Pole, mama."

"Nani kaweka ngazi mlangoni?"

"Si ngazi, mama. Ni gasketi. Tundu lake ni dogo kuliko mlango, ukingo wake umejitokeza kidogo."

"Kidogo cha nani?" Bi Sakina alikuwa ameinama, ameshika kidole gumba cha mguu wa kushoto. "Wewe umevuka kwa sababu unajua lipo. Mgeni je?"

"Nitalipiga tupa, mama."

"Lini?"

"Nikiwa mtu."

Wakaingia chumbani, ndani ya silinda ya nne, Bi Sakina akichechemea. Kilikuwa chumba cha duara, kisafi, hakina samani. Mlango ukafungwa nyuma yao. Sakafu inaanza kupanda.

"Hii ni kawaida?" Bi Sakina anauliza.

"Kawaida kabisa, mama. Ni pistoni, inatubana."

"Mpaka wapi?"

"Mpaka tupate moto."

Sakafu inapanda. Dari haisogei. Mahimbo anajikuta shavu kwa shavu na mama mkwe wake, jambo ambalo katika ukoo wao halina faini kwa sababu hakuna aliyewahi kulifikiria. Wanatazama pande tofauti kwa heshima. Joto linazidi. Bi Sakina ananukia karafuu na kabichi.

Darini kitundu kinafunguka, na manyunyu ya dizeli yanaanza kuwashukia.

Hapo ndipo, kutoka nje kabisa, mbali, iliposikika sauti ya Konokono. Alikuwa ameshika kasi.

"Itapanda," alisema Konokono.

Na injini ikawaka.

Mahimbo aliruka kutoka kwenye benchi. Ule mlipuko ulikuwa mlango wa bati wa gereji, uliosukumwa na kugonga ukuta, na aliyeusukuma alikuwa Bi Sakina mwenyewe, amesimama kwenye mwanga na kikapu cha viazi mkononi. Jua lilikuwa bado liko juu. Alumini ilikuwa mezani inang'aa. Chuma kilikuwa sakafuni, kimegeukia ukuta.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Ulikuwa umelala?"

"Nilijinyoosha tu."

Kwa kawaida, Mahimbo angesema maneno mengi hapo. Angeishika ile alumini, aigeuze kwenye mwanga, amtajie nchi ilikotengenezwa. Badala yake alimvutia mama mkwe wake stuli, akaipangusa kwa upande safi wa kitambaa, akangoja aketi.

"Mama, ile ya kung'aa haifai."

Bi Sakina akaitazama. "Si uliniambia itaruka?"

"Itaruka kweli. Vipande."

Bi Sakina hakucheka, ila mdomo ulimcheza upande mmoja. Mahimbo akamweleza kwa ufupi: kwamba haikuzoea kusukumiwa hewa, kwamba silinda ya mwisho ingeshinda njaa, kwamba wangefika kona za juu na moshi mweusi umewafunika mashangazi na nguo zao. Ile nyeusi ndiyo ya kufunga, lakini lazima aikate shingo na kuigeuza, na kazi ya kukipasha na kukipoza chuma haitaki pupa. Lori lingekuwa tayari Jumamosi jioni. Mapema zaidi ya hapo angekuwa anamdanganya.

"Itapanda?"

"Itapanda, mama. Zile kona za juu tutakwenda taratibu. Ila itapanda, na haitamfukiza mtu."

"Ulipaswa kuniambia hivyo kwenye simu."

"Ni kweli, mama."

"Mbele ya ukoo ulisema niachieni mimi."

"Nilikuwa nimeshiba."

Hapo Bi Sakina akacheka, kicheko kifupi cha puani. Akamkabidhi kikapu, akamwambia viazi ni vya Mwajabu, asije akavipikia mafundi. Kisha akavua kiatu cha kushoto, akaunyoosha mguu, akaanza kusugua kidole gumba. Kilikuwa kimevimba, na ukucha umeingia weusi.

Mahimbo akakitazama kile kidole. "Pole, mama. Umejikwaa wapi?"

"Sijui, baba. Nilijilaza baada ya kula, nikaamka kiko hivi." Akavaa kiatu polepole, akasimama, akaupima mguu, akaelekea mlangoni. Alipofika alishika fremu kwa mkono, akauinua mguu juu sana kuliko ilivyohitajika, akavuka.

Kutoka nje, bila kugeuka, akasema, "Na ile gasketi ya mlango wa nne, baba. Sasa umeshakuwa mtu."